Gemu ya Bloki: Historia ya Mchezo Uliotuteka

 

Tumezoea kuwaandikia historia ya mipaka, ya mikataba, ya kambi zetu na jinsi zilivyoanza. Leo tunaandika historia ya gemu. Najua wengine mtacheka. Wazazi wetu pia walicheka mwanzoni, halafu wakakasirika, halafu mmoja wao akaja kutufundisha jambo ambalo hatujalisahau. Tutaeleza yote, na hatutaficha pale tulipokosea sisi wenyewe.

Siku ya kwanza

Ukumbi wa vijana tunaoutumia hapa Kakuma ulikuwa na kompyuta sita za zamani. Zilizokuwa zinawaka ni nne. Umeme ni wa sola, kwa hiyo betri zikichoka mnamo saa kumi jioni, kila mtu anaenda kwao. Intaneti hakuna. Tulikuwa tunajifunza kuandika barua za kuomba kazi, na tukichoka tunacheza karata za kwenye kompyuta, na hizo nazo zinachosha haraka.

Siku moja mwalimu wetu wa kompyuta, naye mkimbizi kama sisi, akaja na flashi. Akasema humo ndani kuna gemu inaitwa Minetest, haihitaji intaneti, na inakubali hata kwenye mashine iliyochoka. Tukamuuliza kama ni ya wizi. Akasema hapana, walioitengeneza wenyewe wameruhusu mtu yeyote ainakili na kumpa mwenzake.

Mmoja wetu akaifungua. Tukaona nyasi, kilima, miti, maji na jua. Lakini kila kitu kilikuwa cha pembe nne: mti wa pembe nne, wingu la pembe nne, hata jua lenyewe. Tukacheka. Akauliza, "Adui yuko wapi?" Mwalimu akasema hayupo. "Bunduki je?" Haipo. "Alama zinahesabiwa wapi?" Hazihesabiwi. "Sasa nacheza nini?" Mwalimu akamjibu neno moja tu: "Chimba."

Akachimba. Bloki ya udongo ikatoka, akawa nayo mkononi. Akaiweka mahali pengine. Akachukua nyingine, akaiweka juu yake. Dakika kumi baadaye alikuwa na ukuta. Betri zilipozima saa kumi jioni, tulikuwa watu kumi na mmoja nyuma ya kiti kimoja, na kila mmoja alikuwa anamwelekeza mchezaji: weka dirisha pale, hapana, hapo ni chumba cha wageni!

Hapa kambini neno bloki tunalijua vizuri. Ndiyo anwani yetu: Kakuma 1 au 2 au 3 au 4, zoni fulani, bloki fulani. Bloki hupangiwa, huichagui. Ndiyo maana siku ile tulipata hisia ya ajabu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kushika bloki na kuamua wenyewe itakaa wapi.

Gemu za namna hii Wazungu huziita kwa jina la kile kisanduku cha mchanga ambamo watoto wao hucheza. Unapewa mchanga, hupewi amri. Sisi mchanga tunao wa bure, laga nzima imejaa, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa geni. Tulichotaka kujua ni nani aliyeliingiza kwenye kompyuta. Tukaanza kutafuta, kidogo kidogo, kila aliyepata bando akisoma na kuja kutusimulia.

Mtu aliyechoka kulipua

Tulianzia Marekani, mwaka 1984. Kijana mmoja aitwaye Will Wright alitengeneza gemu iliyoitwa Raid on Bungeling Bay. Humo unaendesha helikopta, unaruka juu ya visiwa na kulipua viwanda vya adui. Ni vita tu, kama gemu nyingi za wakati ule.

Ili apate visiwa vya kulipuliwa, Wright ilimbidi kwanza avijenge. Alijitengenezea programu ndogo ya kuchora ramani: hapa barabara, hapa kiwanda, hapa pwani. Kumbe akagundua kwamba kazi ya kujenga visiwa inamfurahisha kuliko kuvilipua. Akaendelea kujenga. Akaanza kusoma vitabu kuhusu mipango ya miji. Wazo hilo likawa gemu ya SimCity, ambayo mchezaji ndiye anayepanga mji.

Alipoipeleka kwa wauzaji wa gemu, walisita. Waliona gemu isiyo na mshindi wala mshindwa, wakauliza nani atanunua kitu kama hicho. Wright na mwenzake Jeff Braun wakaanzisha kampuni yao, Maxis, na SimCity ikatoka mwaka 1989. Ikanunuliwa sana.

Tulipoisoma habari hii tulinyamaza kidogo. Wengi wetu tumeshaona mji ukipigwa kutoka juu. Hatukujua kwamba huko nyuma aliwahi kuwepo mtu aliyetengeneza mabomu ya mchezo, akayaacha kwa sababu nyumba zilikuwa tamu zaidi.

Mtu aliyepoteza gemu yake

Turuke hadi mwaka 2009, bado Marekani. Mtengenezaji mmoja aitwaye Zachary Barth alitoa gemu ndogo iliyoitwa Infiniminer, mwezi wa Aprili. Dunia yake yote ilikuwa ya bloki. Timu mbili zinashindana kuchimba madini, na inayokusanya zaidi inashinda. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake.

Lakini wachezaji hawakuifuata nia hiyo. Waliingia, wakasahau mashindano, wakaanza kujenga. Ni jambo lile lile lililomtokea Wright, ila mara hii lilitokea kwa wachezaji wenyewe.

Halafu likaja tatizo. Barth hakuwa ameufunga vizuri msimbo wa gemu yake, yaani yale maandishi ambayo programu hutengenezwa nayo. Watu wakaufungua, wakautoa nje. Kila mtu akawa anatengeneza Infiniminer ya kwake, wengine kwa kuboresha, wengine kwa kudanganya na kuharibu mchezo wa wenzao. Matoleo yakawa hayaelewani. Baada ya muda mfupi tu Barth akaacha kuiendeleza, akauachia msimbo huo wazi kwa kila mtu.

Katika kundi letu tulibishana sana kuhusu Barth. Wengine walisema ameibiwa. Wengine walisema hapana, yeye mwenyewe aliachia, na mbegu ikianguka njiani bado inaweza kuota. Hatukukubaliana. Lakini sote tulikubali kwamba bila yeye, haya mengine yasingetokea.

Kijana wa Uswidi

Huko Uswidi alikuwepo mtaalamu wa programu aliyezaliwa mwaka 1979, Markus Persson, ambaye mtandaoni alijulikana kama Notch. Mchana aliajiriwa, usiku alitengeneza gemu zake mwenyewe. Aliiona Infiniminer, akaipenda, na papo hapo akaanza kutengeneza yake akichanganya mawazo kutoka gemu nyingine alizozipenda. Mwanzo aliiita kwa jina linalomaanisha "gemu ya pango". Baadaye ikawa Minecraft. Tarehe 17 Mei 2009 aliiweka hadharani kwa mara ya kwanza, ikiwa bado mbichi kabisa.

Hapo ndipo tunaona ujanja wake. Hakungoja imalizike. Aliiuza ikiwa nusu, kwa bei ndogo, na kila mara aliongeza kitu na kusikiliza wachezaji wanasema nini. Hata makosa aliyatumia. Yule kiumbe wa kijani asiye na mikono, anayekuja kimya kimya na kulipuka karibu nawe, alianza kama nguruwe: Persson alikosea vipimo, akabadilishana urefu wa kwenda juu na urefu wa mwili. Badala ya kumfuta akamwacha, na sasa anajulikana dunia nzima.

Mwaka 2010 Persson aliacha kazi yake na kuanzisha kampuni ya Mojang pamoja na Jakob Porsér na Carl Manneh. Januari 2011 gemu ilikuwa imeshanunuliwa mara milioni moja, na ilikuwa bado haijatangazwa kuwa imekamilika! Toleo kamili lilitoka tarehe 18 Novemba 2011. Mwezi uliofuata Persson akamkabidhi Jens Bergensten kazi ya kuiongoza. Septemba 2014 Microsoft ilitangaza kuinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Oktoba 2023 ilitangazwa kuwa Minecraft imeuzwa zaidi ya nakala milioni 300. Hakuna gemu ya kompyuta iliyouzwa kuliko hiyo.

Sasa, msomaji, utatuuliza: nyinyi mlicheza Minetest, mbona mnatusimulia Minecraft? Swali zuri. Minecraft ni ya kununua, na sisi dola za kununua gemu hatuna. Lakini mwaka 2010 huko Ufini, kijana Perttu Ahola alianza kutengeneza gemu yake ya bloki ili aone kama ataweza. Akauweka msimbo wake wazi. Watu wa nchi mbalimbali wakaja kusaidia bila malipo, na bado wanasaidia. Ndiyo hiyo Minetest iliyotufikia kwa flashi. Oktoba 2024 waliibadilisha jina ikawa Luanti, kutokana na neno la Kifini linalomaanisha uumbaji, likichanganywa na Lua, lugha ya kompyuta ambayo nyongeza zake huandikwa nayo.

Kwa hiyo mnyororo ni huu: Barth akaachia, Persson akaokota, Ahola akatazama akatengeneza ya bure, mwalimu wetu akaitia kwenye flashi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anamfikiria kijana wa Kakuma, lakini imetufikia.

Dumu tupu

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili.

Gemu hii inateka. Haina mwisho, kwa hiyo hakuna pa kusimama na kusema nimemaliza. Siku yake moja, jua kutoka na kuzama, ni dakika 20 tu, na kila jua likizama unajiambia ngoja nione kesho yake. Ukichimba chini, hujui bloki inayofuata ni jiwe la kawaida au almasi. Unachimba moja zaidi, na moja zaidi. Na nyumba unayojenga haiishi: ukimaliza paa unaona inahitaji ua, ukimaliza ua unaona inahitaji barabara.

Sisi tulianza kuamkia ukumbini. Wengine waliacha darasa la Kiingereza. Wengine walidanganya nyumbani kwamba wanafanya kozi.

Mdogo wetu mmoja, wa miaka kumi na tano, alitumwa asubuhi kupanga madumu kwenye foleni ya bomba. Mnajua maji yanavyotoka hapa: saa zake zikipita, bomba limefungwa. Akapanga madumu, akamwambia mtoto wa jirani amwangalizie, akaja ukumbini "kidogo tu". Aliporudi, bomba lilikuwa limefungwa na madumu yake yalikuwa yamesukumwa pembeni, makavu. Mama yake alikuwa na kichanga nyumbani. Siku ile waliishi kwa maji ya kuomba kwa majirani.

Kesho yake mama huyo alikuja ukumbini. Tulingoja atugombeze. Hakusema chochote. Aliweka dumu tupu mbele ya kompyuta, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka.

Hatukucheza tena siku hiyo. Kweli kabisa, hakuna aliyeweza.

Tulipoendelea kusoma tulikuta kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ile ya ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zinazotajwa ni tatu: unashindwa kujizuia, gemu inapita mambo mengine yote, na unaendelea ingawa unaona madhara. Kwa kawaida huangaliwa kama hali hiyo imeendelea kwa mwaka mzima ndipo iitwe ugonjwa. Sisi hatukuwa tumefika huko. Lakini zile dalili tatu tulizisoma tukaangaliana.

Tukaketi na kuweka sheria, tukazibandika ukutani. Saa moja kwa mtu, kwa zamu, jina lako likiwa kwenye orodha. Hakuna kucheza saa za maji wala siku ya kuchukua chakula. Mwenye kazi ya shule aonyeshe daftari kwanza. Na lile dumu tuliliacha pale pale mbele, mpaka mwenyewe alipokuja kulichukua.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: msidhani dawa ni kuzima kompyuta. Kijana ambaye siku yake ni foleni, kivuli na kulala atatekwa na chochote kinachompa kazi ya kufanya. Sheria zilizotusaidia ni zile tulizoziandika sisi wenyewe, kwa sababu aibu ilikuwa yetu.

Nyumba ya Uvira

Mwalimu alipounganisha kompyuta zote nne kwa waya, tukaweza kuingia katika dunia moja pamoja. Tukagawana viwanja. Hatukuambiana tujenge nini, lakini baada ya wiki mbili tukagundua kwamba karibu kila mtu anajenga kwao.

Kaka na dada kutoka Uvira walijenga nyumba yao karibu na maji, kwamba hilo ndilo ziwa Tanganyika. Nyuma waliinua milima. Walipanda mafunjo ufukweni, maana gemu hii ina mafunjo. Mwembe haimo, wakaweka mti wa matofaa, wakasema huo ni mwembe na asiulize mtu. Mabati ya paa waliyatengeneza kwa bloki za chuma. Walibishana mlango ulitazama ziwa au ulitazama barabara. Dada alikuwa na miaka sita walipokimbia. Alisema ziwa. Kaka alisema barabara. Hakuna picha yoyote waliyobeba ya kuamua.

Jioni moja, kijana mwingine aliyekuwa ametoka kujifunza kuwasha moto ndani ya gemu aliiwasha ile nyumba. Alidhani ni utani. Mbao zikashika, moto ukapanda, na baada ya muda mfupi zilibaki kuta za mawe tu. Wengine walicheka. Kaka wa Uvira aliinuka akatoka nje. Hakuja siku tatu.

Tulichelewa kuelewa. Nyumba ile ilikuwa inaungua mara ya pili.

Aliyewasha moto alikwenda kwao kuomba msamaha, akiwa na wawili wetu, kama inavyofanyika. Mama yao alitupokea, akatupa maji. Tulipomweleza, aliuliza, "Mlango mlikuwa mmeuweka wapi?" Tukamwambia kwamba ndiyo hasa waliyokuwa wanabishania. Akasema mlango ulitazama barabara, lakini jiko la nje ndilo lililotazama ziwa, na binti yake alikuwa anashinda jikoni, ndiyo maana anakumbuka maji. Kwa hiyo wote wawili walikuwa sawa.

Tuliijenga upya wote pamoja, na safari hii jiko lilikuwepo. Aliyeichoma ndiye aliyebeba mawe mengi zaidi.

Ndipo tukarudi kwenye historia tukaielewa vizuri zaidi. Wright alichoka kulipua akajenga. Wachezaji wa Barth waliacha mashindano wakajenga. Lakini wengine walitumia msimbo ule ule kuvuruga. Bloki hazina upande. Katika dunia ambapo kila mtu anaweza kujenga, kila mtu anaweza pia kubomoa, na kubomoa ni haraka zaidi. Kinacholinda nyumba ni makubaliano ya watu walio ndani. Sisi tulipaswa kulijua hilo kabla ya gemu.

Kutoka Kibera hadi bomba letu

Wakati tunasoma, mmoja wetu alikutana na jambo lililotokea hapa hapa Kenya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, makao yake makuu yako Nairobi. Ndilo pia lililosaidia kupanga makazi ya Kalobeyei, jirani zetu. Huko Uswidi, Mojang ilikuwa imeshiriki katika mradi ulioitwa Mina kvarter, ambapo watu wa kawaida walionyesha kwa Minecraft jinsi wanavyotaka mitaa yao irekebishwe. UN-Habitat ikaona, na mwaka 2012 pande hizo mbili zikaanzisha mpango wa Block by Block.

Mahali pa majaribio ya kwanza palikuwa Kibera, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga. Utaratibu wake ni rahisi. Eneo halisi linaingizwa kwenye gemu kwa bloki. Wakazi wanaalikwa, vijana, kina mama, wazee, hata ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Wanakaa wachache wachache kwenye mashine moja, wanajenga wanachotaka, halafu wanasimama kuwaeleza wengine na wataalamu. Baada ya Kibera mpango ukaenda Haiti, Nepal, Peru, Kosovo na nchi nyingine nyingi.

Tulijiuliza: kwa nini wataalamu, wenye programu zao za bei kubwa, watumie gemu? Jibu tulilipata tulipojaribu. Ukimpa mzee mchoro wa mhandisi, atauangalia kwa heshima na kukurudishia. Ukimwonyesha bloki, atasema, "Hapo hapana, mvua ikija maji yatapita hapo."

Tukachagua bomba letu la maji. Lile lile la foleni. Shida zake ni tatu: hakuna kivuli, maji yanayomwagika yanatengeneza tope na mbu, na foleni inapita mbele ya mlango wa nyumba moja, kila siku ugomvi. Tulipima kwa hatua, bloki moja sawa na hatua moja ndefu. Tukajenga bomba, nyumba zinazolizunguka, ile migunga miwili, na mtaro.

Kisha tukamwita mama wa dumu. Hatukujua kama atakuja. Alikuja na kichanga mgongoni. Tukamweka kwenye kiti, mwanawe akashika kipanya, mama akawa anaelekeza. Akasema foleni igeuzwe, ipite upande wa migunga, kivuli tayari kipo, cha nini kujenga kingine? Akasema mtaro ukielekezwa kwenye ile bustani ndogo ya mchicha, hakuna maji yatakayopotea. Akasema wajawazito na wazee wawekewe mstari wao. Sisi tulikuwa tumetumia siku nne kuchora paa la kifahari. Yeye alitumia nusu saa na hakuongeza paa hata moja.

Tulionyesha kazi ile kwenye mkutano wa bloki, kompyuta ikiwa juu ya meza na watu wamejaa mlangoni. Afisa mmoja aliyehudhuria aliuliza nani amechora. Tukamwonyesha mama. Alikuwa amekaa nyuma, akaona haya, akajifunika uso kwa kanga.

Je, walijenga kila kitu? Hapana. Bomba liko pale pale na saa za maji ni zile zile. Lakini foleni iligeuzwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu kugeuza foleni hakuhitaji bajeti. Mtaro tuliuchimba wenyewe, kwa majembe, siku mbili. Mchicha unapata maji. Mstari wa wajawazito upo, ingawa wapo wanaojaribu kuuingilia.

Tunachowaachia

Hatuwaambii mkacheze. Anayejijua kwamba hajizuii, asianze. Atakayecheza, awe na mtu wa kumwambia sasa basi, na ajiulize kila siku dumu lake liko wapi.

Lakini tunawaomba wakubwa wetu, na nyinyi wa mashirika, msiseme kwamba hawa vijana wanapoteza muda na katuni. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Wapo kati yetu waliozaliwa humu na wazazi waliozaliwa humu. Katika miaka yote hiyo tumepewa mahema, mabati, namba, ratiba, na tunashukuru, vimetuokoa. Ni mara chache tumeulizwa mlango utazame wapi.

Dunia ile ya Uvira bado ipo kwenye kompyuta ya tatu, ile ya karibu na dirisha. Tumeinakili kwenye flashi mbili ili isipotee tena. Kaka mwenyewe ameshapata safari, ameondoka na flashi moja. Dada amebaki na nyingine. Juzi aliongeza kiti nje ya jiko, kinachotazama ziwa.